Seli Zilizoligeuzia Jua Mgongo

Naandika haya nikiwa bado sijapata uso wa kurudi maabara. Kazi yangu hapa Arlington, Texas, ni kuunda seli za sola zenye tabaka tatu. Kila tabaka hula rangi yake ya mwanga, na moja ikikosa, zote hudhoofika.

Nilifunga seli za majaribio juu ya paa, zikitazama kaskazini, kama nilivyomfungia mama sola yake kwetu Songea. Vipimo vikaonyesha mwanga wa buluu tele, mwekundu haba. Nikajiona mgunduzi. Nikabadilisha tabaka zote, nikawatangazia wafadhili kwamba mwanga wa Texas si wa kawaida.

Ijumaa mchana wakapanda paani kujionea. Tuliposimama mbele ya seli, kivuli cha fremu kikatulalia miguuni. Njeri, Mkenya ninayefanya naye kazi, akaninong'oneza kwa Kiswahili ili kunisitiri: "Baraka, huku jua hupita kusini. Umekuwa ukipima buluu ya anga tupu."

Nilitamani paa linimeze. Mfadhili mmoja, mama mpole sana, akanigeukia akitabasamu, akaomba nimtafsirie.