Chini Ipi?

Mnara wetu ulisimama juu ya kilima cha Riat, na kazi yangu ilikuwa kuupanda. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha kuonyeshana mjini Kisumu. Nilipanda mara nyingi, na kila mara niliogopa. Watu hudhani woga wa urefu huisha kwa mazoea. Hauishi. Unajifunza tu kuubeba kama unavyobeba spana, ukiufunga kwa kamba usije ukakuponyoka.

Kwanza nieleze mnara wenyewe, nawe usihofu, si jambo gumu. Kule juu palikuwa na antena tatu, kila moja bapa na ndefu kama mlango mwembamba, zimepeana migongo. Gawanya chapati vipande vitatu: kila antena ililisha kipande chake. Moja ilitazama Kombewa, moja Maseno, na ya tatu ilitazama mji mpaka Nyalenda. Kila moja ilikuwa na kebo yake nene iliyoteremka hadi kwenye kibanda cha mitambo, ikiwa na utepe wa rangi ili tusizichanganye.

Sasa shika tochi gizani uinyooshe mbele. Mwanga utapita juu ya kichwa cha mtoto aliyeketi karibu nawe. Antena ya mji ilikuwa na kosa hilohilo: mawimbi yake yalipita juu ya mapaa ya Nyalenda, na watu wa huko wakabaki na simu bubu. Ilitakiwa iinamishwe kidogo tu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa.

Mwenzangu, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa Nyalenda ndani ya gari na simu ya majaribio. Mimi nilikuwa juu nyuma ya antena, nimejifunga mkanda, redio ikining'inia kifuani. Sisi tuliolelewa huku tunajua kwamba mvua ya alasiri hutoka milima ya Nandi, na kila nilipogeuza shingo niliona wingu limezidi weusi. Nyumbani mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Aliniomba jambo moja tu: radi ikianza, inikute ardhini.

"Legeza, halafu chini kidogo," redio ikasema.

Nikalegeza nati za mabano yaliyokumbatia nguzo, nikasukuma.

"Ah, imepungua. Chini zaidi."

Nikasukuma zaidi.

"Bwana, unafanya nini huko? Sasa naipata kwa shida. Chini!"

"Si ndiyo naenda chini!"

"Basi nenda zaidi!"

Kwenye lango, mzee aliyekuwa mlinzi wetu aligonga uzio kwa rungu. "Fundi! Kuja chini! Hii mvua haina mchezo!"

Kila mtu alinipigia kelele: chini, chini. Ngurumo ya kwanza ikapita ndani ya chuma. Niliisikia kwa viganja kabla ya masikio. Nilitamani kushuka, lakini nati zilikuwa zimelegea. Upepo ungeikamata antena ile kama bati lililong'oka, uikate kebo, au uiangushe juu ya kibanda cha yule mzee.

"Imekatika kabisa," redio ikasema. Kisha sauti ikatulia. "Ndugu yangu, hebu niambie. Mbele ya hiyo antena unaona nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ziwa, bwana! Si umesema chini?"

Redio ikalipuka: "Mimi nakwambia inamisha, wewe unanipeleka kuvua mbuta!"

Hapo ndipo nilipoelewa, maana kabla ya kupanda niliambiwa tu nifuate redio, si kwamba antena iinamishwe. Kwetu Seme, kwa Dholuo, *mwalo* ni chini, na *mwalo* ni upande wa ziwa vilevile. Mtu akienda mwalo, anateremka kuelekea majini. Basi kila aliposema chini, mimi niliyesikia Kiswahili kwa kichwa cha Dholuo, niliizungusha antena pole pole kutoka mjini hadi ziwani. Miaka ya baadaye nilipofundisha wapandaji wapya, tulianza na maneno kabla ya mikanda: kuinamisha ni hivi, kugeuza ni hivi, na upande hutajwa kwa jina la mahali. Hakuna aliyenicheka kwa hilo baada ya kupanda mara moja.

"Niirudishe?" niliuliza. Wingu lilikuwa limeifunika milima.

"Kaza hapohapo."

"Ikitazama ziwa?"

"Leo samaki wapige simu. Kaza, ushuke."

Nikakaza. Nati ya mwisho ilikataa, spana ikateleza, nikaivuta tena huku nikitaja jina la mke wangu kimoyomoyo. Kisha nikaanza ngazi. Ukiwa na haraka mnara hurefuka. Kila nilipotafuta kidato kwa mguu niliogopa kukuta hewa. Matone ya kwanza yalinipata karibu na ardhi. Mzee alinishika mkanda akanivuta ndani ya kibanda chake, na kabla hajafunga mlango radi ikapiga kilimani, kikombe chake cha chai kikacheza juu ya meza.

Redio ikakoroma. "Fundi! Fundi, uko wapi?"

Nikabonyeza kitufe. "Niko chini."

"Chini ipi?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Ya udongo," nikasema.