Bunduki za Mjane

Miaka ile nilifanya kazi kwenye duka la kufua nguo, mtaa wa Saint-Gilles, Brussels, na kazi yangu ilikuwa madoa. Nguo ikiletwa, mimi ndiye niliyeitazama kwanza na kusema hii ni divai, hii ni damu, hii ni grisi ya baiskeli, ili ijulikane itasafishwa kwa dawa gani. Sikukosea mara nyingi. Kwa hiyo Jumamosi moja jioni, mume wangu aliporudi na wekundu kidogo kwenye upindo wa mkono wa shati lake, sikuhitaji kumuuliza mtu. Ilikuwa rangi ya midomo, tena ya bei, na mimi sikuwa na rangi ya midomo ya aina yoyote.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliyelipwa mshahara kwa kutazama nguo za wengine sikuwa na la kujidanganya.

Mume wangu naye aliishi kwa kusoma alama. Aliondoka Lubumbashi akiwa kijana kwenda Liège kusomea ufundi wa silaha, nami nikamfuata baadaye, na hapa Brussels alijulikana kwa watu wanaokusanya bunduki za kijeshi za zamani, zile ambazo kila ukitaka kupiga risasi unavuta komeo kwa mkono. Hawakumwita azitengeneze. Walitaka awaambie kama alama zilizopigwa kwenye chuma ni za kweli: taji dogo la mkaguzi wa kiwandani, namba, herufi za jeshi. Bunduki ya kawaida ikipigwa herufi za jeshi fulani huwa mali, na matapeli wanalijua hilo.

Kisha sheria ya silaha ikabadilika, na watu wengi wakashtukia vitu walivyorithi. Mmoja wao alikuwa mama mmoja wa Uccle ambaye marehemu mume wake alimwachia chumba kizima cha bunduki. Kabla hazijaandikishwa hazikuruhusiwa kubebwa ovyo barabarani, basi ilibidi mume wangu azifuate hukohuko. Akawa anaenda kila Jumamosi, na kabla ya kwenda alinyoa ndevu. Akirudi, ilikuwa Madame hivi, Madame vile, Madame ana kahawa nzuri. Nilimchukia mwanamke ambaye sijawahi kumwona. Nilimchukia kwanza kwa kahawa yake, na lile doa lilipokuja, likakuta chuki imeshatandikiwa kitanda.

Mwingine angepiga kelele. Mimi nilifanya kama tulivyofanya kazini: kabla ya kushika doa, lijue. Nililificha lile shati, nikaenda nalo kwenye duka la manukato, nikajipaka wekundu huu na ule nyuma ya mkono mpaka nikapata uliokaribia kabisa kufanana na doa. Nikaununua. Kuanzia siku hiyo nikawa naupaka kila asubuhi. Nilitaka aone, ashtuke, uso wake umshitaki mwenyewe.

Hakushtuka. Nilikaa mbele yake mezani midomo ikiwaka, naye akaomba chumvi. Kazini walinisifu. Kanisani, Schaerbeek, wamama walinisifu, hata tonton mmoja, mzee wa kwaya, akaniuliza kuna sikukuu gani. Ni yeye tu, mtu anayeweza kuona mkwaruzo mdogo kama kope kwenye chuma cha miaka mingi, ambaye hakuona mdomo wa mkewe. Tena akazidi kuwa kimya. Jumamosi akawa anatoka mapema, wakati mimi bado niko mbele ya kioo. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na kweli sketi zangu zilianza kunizunguka kiunoni.

Jumamosi moja nikavaa koti langu kabla yake.

“Leo minaenda na weye,” nikamwambia.

“Ku bunduki? Juu ya kufanya nini?”

“Juu ya kunywa kahawa. Kahawa ya Madame iko bien, si njo unasemaka?”

Akachukua koti lake. Tukatoka.

Nilikuwa nimeomba Mungu awe kikongwe. Hakuwa kikongwe. Alikuwa mrefu, nywele nyeupe zimekatwa vizuri, na midomo yake ilikuwa na wekundu uleule wa doa langu, si wa kukaribia, wenyewe. Nikajikaza kisabuni, nikampa mkono, nikasema bonjour. Kahawa ilikuwa nzuri kweli, jambo lililoniudhi zaidi.

Bunduki ya siku hiyo ililazwa kwenye meza ya jikoni juu ya blanketi. Ilisemekana kuwa ya jeshi la kikoloni la kwetu Kongo, lakini herufi zake zilikuwa zimelika hata hazisomeki. Mume wangu aliinama na kioo chake cha kukuzia chini ya taa. Baada ya muda akanyoosha mkono pembeni, bila kuinua uso wala kusema neno, na yule mama akafungua mkoba, akatoa rangi yake ya midomo, akaiweka kwenye kiganja cha mume wangu.

Nilisikia kama nimechomwa na pasi. Doa nilikuwa nimeshalizoea. Ule mkono ulionyooshwa bila kuomba, na mwingine uliojua unaombwa nini, huo sikuwa nimejiandaa nao.

Akapaka wekundu juu ya chuma, akafuta kwa kitambaa, na palipobaki ukungu akamalizia kwa upindo wa shati, kama mtoto anavyofuta pua. Rangi ikatoka juu, ikabaki ndani ya mikwaruzo tu. Herufi mbili zikasimama wazi, F na P, herufi za jeshi lile la kikoloni, na kitaji juu yake.

Hilo ndilo lililokuwa doa langu. Ningepaswa kumshukuru Mungu, lakini wivu haukuondoka, ulihama tu. Sasa niliionea wivu bunduki. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye herufi zile taratibu, uso umelainika, na mimi sikukumbuka lini aliniangalia hivyo.

Yule mama aliniona. Akanimiminia kahawa nyingine na kuniambia kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, “Ujanja huo ni wa marehemu, madame. Nilikuwa nanunua rangi mbili mbili, moja ya midomo yangu na moja ya bunduki zake. Ya bunduki ndiyo iliyokwisha haraka.”

Nilicheka bila kutaka. Naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka sana.

Mume wangu akaitoa ile rangi kwa kijiti, kisha akaniita nitazame ndani ya kioo.

“Unaona? Ndani ya herufi kuko giza sawa na pembeni. Bilizeeka pamoja. Hii iko ya kweli.” Akafuta mikono yake muda mrefu. “Alama ya mupya juu ya chuma ya zamani, ile njo ya kuogopa. Pale mutu anajiuliza: nani alipiga hii? Na juu ya nini sasa?”

Aliyasema hayo akinitazama mimi. Nilidhani ananifundisha kazi.

Tulirudi kwa tramu, tumekaa bega kwa bega. Baada ya vituo kadhaa akaanza kuongea akitazama viatu vyake.

“Ile rouge unapakaka.”

“Rouge gani?”

“Ya ku midomo. Ulianza mbele kidogo Pasaka ifike. Haiko sawa na ya Madame, yako inaendea ku brun, sawa kahawa.”

Nikageuka kumtazama. “Uliiona?”

“Niliiona siku ya kwanza.”

“Na ulinyamaza? Papa, wiki zote hizi?”

“Miaka yote hukupakaka kitu. Halafu unaanza, ya kwenda ku kazi, ya kwenda ku kanisa. Asubuhi ya samedi niko nakuona ku kioo, alors natoka, sipendi kuona.” Akanigeukia. “Nilijiambia, bon, kuko mutu. Ni nani, Maman? Ni ule tonton wa ku kwaya?”

Tonton wa kwaya alikuwa na wajukuu na meno ya bandia. Lakini mume wangu hakuwa anatania. Mikono yake, ile iliyozoea chuma, ilikuwa inakunja na kukunjua tiketi ya tramu. Wiki zote nilizokonda, naye alikuwa anakonda upande wa pili wa meza, akiomba chumvi.

Neno moja lingetosha kumponya, nami nilikuwa nalo mdomoni. Nilisikia raha ambayo sikuisikia tangu siku ya harusi. Nikafungua mkoba, nikatoa kioo kidogo na ile rangi, nikajipaka upya polepole, mdomo wa juu kisha wa chini, na nikamwacha ateseke mpaka kituo chetu cha kushukia, Gare du Midi.