Siku Niliyojifanya Nimeishiwa Chaji

Aibu hii nilikusudia kuzikwa nayo, ila kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Maisaka walikuwepo na nusu nyingine wamesimuliwa na hao waliokuwepo, bora muipate kwangu mwenyewe.

Nina kifaa cha moyo, pesimeka, kimewekwa chini ya ngozi hapa kifuani kushoto, kidogo kama kiberiti (nikipata wasikilizaji wazuri kinafikia ukubwa wa redio). Moyo ukijisahau, chenyewe kinaukumbusha kupiga. Betri yake inadumu miaka kadhaa, halafu unapasuliwa kidogo na kuwekewa kifaa kipya. Safari hii nilipokwenda kupimwa, daktari akasema betri inakaribia mwisho, akanipangia tarehe ya kubadilishiwa hospitalini Moshi, na tangu hapo mke wangu, Mama Paulina, akawa anakata siku kwenye kalenda ya ukutani na hataki niinue hata ndoo.

Sasa darasani kwetu, kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, dereva wa bajaji mmoja, Safari, akaniuliza hiyo betri naichajia wapi. Jibu la kweli lilikuwa fupi mno. Nikamwambia nachomeka waya kwapani kila nikilala, na umeme ukikatika nalegea. Darasa zima likaguna kwa huruma, nami nikaliacha hivyo hivyo.

Siku ya mahafali nikachaguliwa kusoma risala. Nimevaa joho, Mama Paulina yuko mstari wa mbele, nimefika kwenye "tunawashukuru walimu wetu", umeme ukakatika na kipaza sauti kikafa. Hapo ujinga ukanishika: nikaanza kuvuta maneno kama redio yenye betri zilizochoka, "waa-liii-muuu", nikajilaza juu ya meza ya mgeni rasmi, nikasubiri kicheko.

"Chaji imeisha!" Safari akapiga kelele. "Mleteni kwenye bajaji, kuna betri!"

Wakanibeba wanne, joho limenifunika uso, na kila nikisema natania wakaona naweweseka.

"Usiongee, mzee, unamaliza hiyo kidogo iliyobaki!"

Nilipofunuliwa uso tulikuwa nje, shati liko wazi mpaka kitovuni mbele ya mgeni rasmi, na Safari ameshika waya mbili, ananiuliza kwa heshima zote, "Baba Paulina, chanya ni upande gani?"

Nikaruka juu kama swala. "Haichajiwi! Nilidanganya, jamani, haichajiwi!"

Kile kicheko nilichokisubiri kikaja chote kwa mpigo, nadhani hata mtaa jirani wa Nangara walikisikia.

Mama Paulina hakucheka. Yeye alijua siku zote kwamba haichajiwi, na alijua pia kwamba inaisha. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya, kiatu kimoja hana.

"Baba Paulina," akasema, "nilishaanza kutafuta maneno ya kumwambia mtoto."

Nikafunga shati, nikaenda kumtafutia kile kiatu kingine.

Moshi tulikwenda, kifaa kipya kikawekwa salama. Daktari aliponiuliza najisikiaje, mke wangu akadakia, "Mpime tu, daktari, usimuulize."

Umeme wa hapa Babati bado unakatika. Ukikatika, kabla hajatafuta tochi, Mama Paulina anakuja kwanza kunishika kifua. Nami mzaha huo nimeuacha kabisa. Nakaa wima, nasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Nipo," halafu ndiyo tunatafuta tochi.