Kidole cha Mwisho

Bibi mkubwa wa nyumba niliyofanyia kazi Doha alikuwa na mdomo mchungu kama shubiri, lakini kwa yigiti hakuwa na mpinzani. Yigiti ni jibini kavu ya kule. Maziwa ya mgando yaliyotolewa siagi huchemshwa mpaka yakatike, hukamuliwa kwenye kitambaa, hutiwa chumvi, kisha madonge hufinywa kiganjani na kuanikwa juani. Huliwa kwa tende, au huloekwa na kusagwa kwenye mchuzi wa mbuzi. Alama za vidole vya mfinyaji hubaki kwenye donge. Za bibi zilikuwa tatu na nusu, maana kidole chake cha mwisho kilipinda tangu utotoni. Dada zake wakiziona tu, wanajua ni zake.

Alinifundisha kwa kunipiga mwiko wa vidole. Nilimchukia, sifichi. Kiharusi kilipoua mkono wake wa kulia, nilisema moyoni Mungu si Athumani.

Mama yangu alikuwa hoi kitandani, Tanga, nami nikaomba ruhusa. Madamu, binti yake bibi, akasema dada zake bibi wanakuja Idi, na wameambiwa kilichougua ni miguu tu. Wakijua mkono umekufa, bibi atakufa kwa aibu. Basi nifinye mimi, nikunje kidole cha mwisho. Wasipogundua, baada ya sikukuu niende kwetu.

Nikafinya kila asubuhi mpaka kidole kikavimba. Bibi alikaa kwenye kiti cha magurudumu akinikagua. Donge lisilomridhisha alilitupa sakafuni, nami nikaokota.

Idi ikafika. Mkono wa bibi ulifichwa chini ya shali. Dada zake wakayageuza madonge, wakapapasa zile alama, wakambusu paji la uso. Mkono wako bado ni ule ule, walimwambia.

Walipoondoka nikauliza habari ya tiketi.

“Utakwendaje?” madamu akasema. “Mkono wa mama sasa ni wewe.”

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi mjinga sikulitia.

Nikamtazama bibi, nikidhani yeye angalau atanitetea. Akanyoosha mkono wa kushoto, akakishika kidole changu cha mwisho, akakikunja kwa nguvu.

“Bado hujakipata,” akasema.

Mama yangu alizikwa kabla ya Idi iliyofuata. Simu ilinikuta nimeshika donge, nikaambiwa nimalizie kwanza.