Simu ya Zamani Yaongezewa Siku Nne

Fundi alifika ofisi ya wilaya, hapa Karagwe, kubadilisha namba za simu za serikali. Mama mmoja wa Nyaishozi, ambaye hana simu na hupigiwa hapo ofisini, aliishika simu ya zamani kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Naing'oa hii, namba yake inafutwa leo."

"Marahaba. Binti yangu yuko Mwanza, anakaribia kujifungua. Namba anayoijua ni hiyo tu. Atanipata wapi?"

Fundi alikuna kichwa, akarudisha bisibisi mfukoni. "Basi namba zote mbili, ya zamani na mpya, ziwepo mpaka azae."

Siku ya nne ile simu ililia: mtoto wa kike! Makarani walipiga vigelegele, mama, aliyekuwa akija kungoja kila siku, akakaa chini akilia.

Ripoti itasema kazi ilichelewa siku nne. Sababu haitaandikwa, ndiyo maana naiandika mimi, mmoja wa makarani hao.