Sindano za Mgongo wa Mbwa

Jamani, nimeona mambo! Nilikwenda kwa daktari wa mifugo Kilwa Masoko kufuata dawa ya kuku wangu. Akaingia mama mmoja kutoka Miteja, amembeba mbwa ndani ya gunia la korosho. Nyuma yake mumewe, kajishika kiuno. Miguu ya nyuma ya yule mbwa ilikuwa imegoma kabisa.

Daktari akamlaza mezani, akamchoma visindano vyembamba mgongoni, akaviacha vimesimama kama miiba ya nungunungu. Mbwa hata hakulia, alisinzia!

“Na mizizi hii mchemshie, anywe asubuhi na jioni,” daktari akamwambia mama.

“Nitamchemshia, daktari,” mama akajibu kwa upole.

Mume akaguna. “Mke wangu, mgongo wangu unauma tangu tuokote korosho. Mimi hujanichemshia hata majani ya chai.”

Mama hakugeuka, akawa anampapasa mbwa sikio. “Huyu analinda mahindi usiku kucha. Wewe umeshafukuza nguruwe gani?”

Daktari akajifanya anatafuta sindano. Mimi nikasahau dawa ya kuku, nikaenda moja kwa moja nyumbani, nikashika jembe kabla mke wangu hajaniuliza.