Haki Tulizosomea Jikoni

Sisi tuliokulia karibu na Kaplong kabla simu hazijaingia kila mfuko, kazi ya nyumbani tuliifanyia jikoni, na mwalimu alikuwa mzazi mwenyewe. Jumapili tukitoka kanisani tulikula ugali kwa mboga ya managu, tukashushia mursik, maziwa yetu ya kugandisha yenye harufu ya mkaa, kisha Baba akatoa kile kijitabu cha haki za binadamu alichopewa kwenye semina ya kanisa. Wazazi waliambiwa wakafundishe watoto wao nyumbani. Wengi waliviwashia moto vijitabu hivyo. Baba alifundisha.

Ulisimama, ukataja haki moja, ukaieleza kwa maneno yako. Ukishindwa, unatumwa mtoni kuchota maji huku wenzako wakikucheka. Kaka yangu Kibet hakuwahi kuchota. Alikuwa na mdomo, huyo. Siku ya ile haki ya msichana kurithi sawa na mvulana, alinyoosha mkono dirishani akasema, "Kama ile chai ya kule chini, ni ya Chepkoech." Chepkoech ndiye mimi. Baba akasema, "Ndiyo hivyo. Hata asipoolewa, ni yake." Wiki nzima nilitembea kifua mbele, nikapalilia chai ile hata bila kutumwa.

Lakini kwetu neno la shamba si neno mpaka lisemwe mbele ya wazee. Mwenye shamba huwaita, akatembea nao mpakani, wakaona kwa macho yao, wakanywa chai. Baba alilijua hilo kuliko sisi sote. Ila wazee wa ukoo wakibisha hodi, kijitabu kiliingia chini ya godoro na mazungumzo yakawa ya ng'ombe. Mama alimwuliza mara nyingi, "Haya unayowaambia watoto, wazee utawaambia lini?" Alijibu, "Haraka haraka haina baraka." Nilimpenda Baba na bado nampenda, lakini aliwaogopa wale wazee, na woga wake nimeulipia mimi.

Alifariki ghafla, kapu la majani likiwa bado mgongoni. Tulipomaliza kuzika, wazee wakakaa kugawa. Nilisimama nikasema Baba alinipa chai ya chini. "Nani alisikia?" mzee mmoja akauliza, bila ubaya wowote. Mama akasema yeye alisikia. Wakamjibu kwa upole, "Mama Kibet, wewe pumzika, una msiba." Basi macho yote yakamgeukia Kibet, aliyezijua zile haki kama sala ya Baba Yetu. Alitazama viatu vyake.

"Tulikuwa watoto," akasema. "Tulikuwa tunasoma tu."

Leo nachuma chai ile ile, majani mawili na chipukizi, na kwenye kituo cha kuuzia inapimwa kwa jina la Kibet. Mtaniuliza mbona siendi kortini. Mama amezeeka, analala kwa Kibet, anakula kwa Kibet. Nikimshtaki huyo, nani atampa Mama uji? Inaniuma, sitawadanganya.

Majuzi Cherono, binti wa Kibet, alinijia na simu. Shule imewatumia kazi ya nyumbani: waandike haki za watoto zinazofuatwa kwao. Hawa watoto wa siku hizi simu ndiyo mzee wao. Hata tumbo likiuma wanaiuliza kwanza kabla ya kumwambia mama. Lakini hapo simu ilimshinda. "Shangazi," akaniuliza, "niandike kwamba na mimi nitarithi?" Nilimwambia amwulize baba yake Jumapili, wazee wakiwa wamekaa, asimwulize jikoni.

Akauliza. Nilikuwa mlangoni nimeshika birika. Kibet akacheka kidogo. "Hayo ni ya shule, mami," akasema, kisha akamgeukia mzee aliye karibu naye, akamwuliza kama ng'ombe wake ameshazaa.

Nimeziwaza sana Jumapili zetu tangu siku hiyo. Zilikuwa tamu, siwezi kuzikana. Tulidanganyika, lakini angalau tulikua tukiamini tuna kitu, na imani hiyo ilitulaza usingizi mzuri. Cherono hata hiyo hakuachiwa. Alisimama pale katikati ya wazee, simu mkononi, akisubiri jibu mpaka wakaaga wakaenda.